BABA NA AFYA YA BINTI YAKE MDOGO



Mara nyingi katika mikutano yetu husemwa habari za mishahara, vyeo, uhamisho na pensheni, nayo yote ni mambo ya haki kusemwa. Lakini jioni hii twaomba ruhusa kuyaweka kando kwa muda mfupi, tuseme habari ya jambo lisilo na faili katika ofisi yo yote, nalo ni ujuzi wa baba juu ya afya ya binti yake mdogo, na juu ya majeraha madogo madogo yanayompata kila siku.

Tumemtaja binti kwa makusudi. Mtoto wa kiume akianguka kutoka mtini, baba humwita, humtazama goti, akampa maneno mawili ya kumtia moyo. Binti akianguka huambiwa, "Nenda kwa mama yako." Mazoea hayo ni ya tangu zamani, tena yana heshima ndani yake, wala hatukuja hapa kuyatukana. Walakini yana hasara, na hasara hiyo hulipwa na mtoto.

Na tuanze na dirisha la zahanati. Mtu ampelekaye mtoto pale huulizwa maswali manne yaliyo mepesi. Kwanza, ana umri gani na uzito gani? Pili, amepata chanjo zipi? Tatu, ameanza kuugua lini, na ilikuwaje? Nne, amekwisha kunywa dawa gani nyumbani, kiasi gani na saa ngapi; na je, iko dawa iliyopata kumdhuru? Sisi tulio wengi humu twajua kwa moyo cheki namba zetu, tarehe tuliyothibitishwa kazini, na daraja la mshahara mpaka senti ya mwisho. Mbele ya dirisha lile hayo yote hayafai kitu. Yafaa yale manne tu, na baba asiyeyajua hana budi kupiga simu kumwuliza mama. Mama naye akiwa safarini, au akiwa ndiye mgonjwa, mtoto hana mtu wa kumsemea.

Huenda mtu akasema ya kuwa uzito wa mtoto ni kazi ya mizani ya zahanati. Ni kweli, na mizani itumike. Lakini dawa za mtoto hupimwa kwa uzito, si kwa huruma ya mzazi. Dawa mseto ya malaria tuitumiayo nchini hutolewa kidonge 1 kila mara kwa mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15, na vidonge 2 kwa mtoto wa kilo 15 mpaka chini ya 25, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Tena homa peke yake si malaria. Kwanza mtoto apimwe, maana kipimo chataka tone moja la damu na muda usiotimia nusu saa. Kadhalika dawa ya paracetamol, ambayo haikosekani katika nyumba zetu, ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kwa nafasi ya saa 4 hadi 6, wala isizidi mara 4 kwa siku. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo. Itumike ile chombo iliyokuja na chupa. Aspirini mtoto asipewe kabisa, isipokuwa kwa amri ya daktari.

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaifikiri. Mama humpa mtoto dawa saa mbili usiku, kisha aenda jikoni. Baba naye, kwa mapenzi yake, akisikia mtoto analia, humpa tena saa tatu. Wote wawili wamefanya wema, na wema mara mbili umekuwa sumu, kwa kuwa paracetamol ikizidi huharibu ini. Dawa ya jambo hilo ni kipande cha karatasi kilichobandikwa ukutani, kikaandikwa saa na kiasi. Sisi tushindao mchana kutwa tukiandika tarehe na saa katika majalada ya Serikali, hatuwezi kusema ya kuwa kazi hiyo ni ngumu.

Sasa tuje kwenye kadi ya kliniki. Katika nyumba nyingi kadi hiyo hulala chini ya kanga za mama, na baba hajapata kuifunua. Na tuifunue. Ndani yake mna chanjo ya kifua kikuu apewayo mtoto azaliwapo. Mna chanjo ya aina tano kwa pamoja, apewayo akiwa na wiki 6, 10 na 14, nayo humkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini ya aina B, na maradhi ya mapafu na uti wa mgongo yaletwayo na kijidudu kimoja kiitwacho Hib. Mna chanjo ya surua na rubela katika mwezi wa 9 na wa 18. Hiyo ya mwezi wa 18 ndiyo isahauliwayo zaidi, kwa sababu mtoto amekwisha kuanza kukimbia, na wazazi hudhani kliniki imekwisha.

Tena mna mstari wa uzito. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala miezi miwili au mitatu, hiyo ni barua imwitayo baba, hata kama mtoto anacheka na kucheza. Na yuko mhudumu wa afya mwenye utepe wa kupima mkono wa juu: kwa mtoto wa miezi 6 mpaka chini ya miaka 5, kipimo kikiwa chini ya sentimeta 11.5 utepe huonyesha rangi nyekundu, maana yake utapiamlo mkali. Mtoto huyo apelekwe kwa mganga siku ile ile.

Baada ya hayo, ndugu zetu, tuseme juu ya majeraha. Hakuna mtoto aliyekua pasipo kuanguka, na mtoto asiyechezeshwa kwa hofu ya kuumia hakufanyiwa wema. Kazi yetu si kuzuia kila mchubuko, bali kujua upi ni wa kuoshwa na upi ni wa kukimbiliwa.

Mchubuko na mkato mdogo huoshwa kwa maji safi na sabuni. Damu ikitoka, kidonda hukandamizwa kwa kitambaa safi kwa muda wa dakika 10, bila ya kufunuafunua kutazama kama imekoma. Majivu, udongo, utando wa buibui na mafuta ya taa visitiwe. Hapo tujue jambo moja: vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, navyo hupenda mahali pasipo hewa. Kwa hiyo tundu dogo la msumari, lisilotoa damu nyingi wala kumliza mtoto sana, laweza kuwa baya kuliko goti zima lililochunika. Mtoto aliyechomwa na msumari aende zahanati pamoja na kadi yake.

Kuungua, hasa kwa uji, chai na maji ya kuoga, hutaka maji ya baridi yatiririkayo kwa dakika 20, wala si barafu. Bangili, ushanga na nguo zivuliwe upesi kabla mwili haujavimba, illa nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga na ute wa yai havina kazi hapo. Vyazuia joto lisitoke, tena vyaleta uchafu. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Kikiwa kikubwa kupita kiganja cha mtoto mwenyewe, au kikiwa usoni, mkononi, kwenye viungo au sehemu za siri, apelekwe hospitali.

Pua ikitoka damu, mtoto akae kitako, ainamishe kichwa mbele, si nyuma, na sehemu laini ya pua ibanwe kwa dakika 10 mpaka 15. Akiinamisha nyuma humeza damu, kisha hutapika, na wazazi hupata hofu isiyo na sababu.

Akianguka akagonga kichwa, akalia mara moja, kisha akarudi mchezoni, huangaliwa siku nzima na usiku wake. Lakini akitapika tena na tena, akasinzia kuliko kawaida, akapata degedege, akawa na mboni za macho zisizolingana, au maji maupe yakamtoka puani au sikioni, asingojwe mpaka asubuhi.

Akipatwa na degedege, alazwe kwa ubavu mahali pasipo vitu vya kumwumiza. Asitiwe kijiko kinywani, wala asimwagiwe cho chote. Akinywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yakirudi huingia mapafuni, apelekwe upesi. Na akimeza ile betri ndogo ya duara kama kifungo, ambayo siku hizi imo katika saa na vichezeo, hiyo ni haraka isiyo na mfano, kwani ikikwama katika koo la chakula yaweza kuliunguza kwa muda wa saa mbili tu.

Akiumwa na mbwa, hata kama ni alama ndogo ya jino, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha atafutiwe chanjo siku hiyo hiyo. Mwaka 1885 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alimchanja kijana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Tangu hapo dunia inayo njia ya kuokoa. Lakini Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huo, wengi wao katika Asia na Afrika, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikisha kuonekana, karibu hapana tena aponaye. Maisha yake yamo katika siku zile za kwanza ambazo mtoto haonekani kuwa mgonjwa.

Ndugu zetu, hayo yote yaweza kuandikwa katika karatasi moja na kubandikwa ukutani. Lakini karatasi haimsaidii baba ambaye binti yake hamwambii kitu, na hapa ndipo tulipotaka kufika.

Twamjua mtumishi mmoja, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa, aliyekuwa na binti wa miaka sita. Mtoto huyo alikwenda kucheza penye nyumba inayojengwa, mahali alipokatazwa, akakanyaga msumari. Hakulia. Alijifuta mguu kwa jani, akarudi nyumbani, akavaa soksi. Siku ya pili alitembea kwa kisigino, na watu wa nyumbani wakadhani ni mchezo. Siku ya tatu alikataa chakula. Siku ya nne mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundo, na mwili wote moto. Mganga alipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa sauti ndogo, "Baba alisema nisiende kule."

Mtoto alilazwa, akapigwa sindano siku kadhaa, akapona. Kadi yake ilikuwa kamili, na kwa hilo wazazi wake walistahili sifa. Lakini yule baba alitusimulia ya kuwa uvimbe ule haukumtisha kama lile jibu. Alikuwa hajampiga mtoto yule hata mara moja. Alikuwa akikemea tu, kama sisi sote tukemeavyo. Na mtoto, kwa hesabu yake ya miaka sita, aliona msumari una nafuu kuliko kemeo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hiyo husemwa kwa watu wazima. Lakini mtoto afichaye maradhi, aghalabu ni mtu mzima aliyemfundisha kuficha, pasipo kujua. Basi twashauri kanuni moja nyumbani, nayo ni hii: jeraha lina saa yake, na kosa lina saa yake. Mtoto ajapo na damu, kwanza huoshwa. Halafu huulizwa ilikuwaje, kwa sababu mganga atataka kujua. Na maonyo hungoja siku nyingine, kidonda kikisha kukauka. Baba achanganyaye saa hizo tatu atasikia habari za makosa machache, na hizo za majeraha hatazisikia mpaka zimechelewa.

Mtumishi yule alianza desturi mpya, nayo yafaa kuigwa. Kila Jumamosi jioni humwita binti yake barazani, humkata kucha za mikono na miguu. Akikata kucha hutazama nyayo, vidole, magoti na masikio, kisha humwuliza, "Juma hili umeumia wapi?" Mwanzoni mtoto alisema, "Sikuumia." Baada ya majuma machache alikuja akikimbia, mkono mmoja ameushika kwa mkono wa pili, apate kuwa wa kwanza kuonyesha. Kazi hiyo haipiti robo saa. Haina gharama ila ya wembe au mkasi.

Liko na jambo limhusulo mtoto wa kike zaidi. Njia yake ya mkojo ni fupi kuliko ya mvulana, na kwa hiyo vijidudu huingia kwa wepesi. Akiwa na homa isiyo na kikohozi wala mafua, akilia akojoapo, au akianza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha, asichapwe wala asichekwe. Mkojo wake upimwe. Afundishwe kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, na anywe maji ya kutosha. Tena tuulize habari za vyoo vya shule. Wako wasichana wanaojizuia mchana kutwa kwa sababu choo hakina mlango au ni kichafu. Baba aliyemo katika kamati ya shule anaweza kuutibu ugonjwa huo kwa bawaba mbili na ubao.

Siku zake zikiendelea, iko chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Nchini kwetu Tanzania ilianza kutolewa kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilitolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ziko porojo ya kuwa chanjo hiyo huzuia uzazi. Sizo kweli, na yafaa binti asikie hivyo kinywani mwa baba yake kabla hajazisikia porojo njiani.

Na jambo la mwisho katika hilo ni zito, lakini kunyamaza ni vibaya zaidi. Baba aliyezoea kujua michubuko ya binti yake ataijua na ile isiyofanana na hadithi yake: alama ya vidole mkononi, au ya mshipi mgongoni, au mtoto aogopaye kuachwa na mtu fulani. Asimlazimishe kwa ukali, wala asiseme, "Nyamaza, tutaaibika." Amsikilize, ampeleke hospitali, na apige simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto, bila ya malipo. Aibu ni ya atendaye, si ya atendwaye.

Wako kati yetu waliopangiwa kazi wilaya za mbali na jamaa zao. Hao huulizia simuni, "Watoto hawajambo?" nao hujibiwa, "Hawajambo." Swali la jumla hupata jibu la jumla. Yafaa kuuliza, "Amekula nini leo? Kidonda cha kiwiko kimekauka? Kilo zake mwezi huu?" na kisha kuomba kusema na mtoto mwenyewe. Tena tukumbuke ya kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa baba likizo yenye malipo isiyopungua siku 3 mtoto azaliwapo, ikiwa yachukuliwa ndani ya siku 7. Na siku zisizopungua 4 kwa sababu kama ugonjwa wa mtoto. Wengi huziacha siku hizo zipotee, wakiona haya kumwomba mkuu wa kazi ruhusa kwa ajili ya homa ya mtoto. Haki iliyowekwa na sheria haitumiwi kwa haya.

Mabibi mliohudhuria msidhani ya kuwa twataka kuwanyang'anya kazi yenu. Twataka mtoto awe na macho manne badala ya mawili, na mama apate usiku mmoja wa kulala.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba kila baba aliyemo humu afanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Aifunue kadi ya binti yake na kuisoma mpaka mwisho. Aujue uzito wake wa mwezi huu. Na amtazame nyayo zake Jumamosi hii, akimwuliza alipoumia, kisha anyamaze apate jibu. Mkutano ujao tutaulizana. Atakayesimama akasema kilo za mtoto wake pasipo kupiga simu nyumbani, huyo tutampigia makofi.